UZALENDO WA MTU WA KAZI

(Hotuba iliyotolewa na katibu wa elimu mbele ya mkutano wa wanachama wa tawi. Tumeipiga chapa kwa sababu wenzetu wengi walikuwa zamu ya usiku wakaikosa, na kwa sababu mwishoni ina ombi ambalo kila mwanachama anatakiwa kulijibu.)



Nimepewa nusu saa niseme juu ya uzalendo. Najua wengine hapa waliguna waliposikia jina la hotuba. Siwalaumu. Neno hili limetumiwa vibaya sana. Mtu wa kazi halisikii siku ya neema. Hulisikia siku anapodai haki yake. Ukiomba mshahara uongezwe, huambiwa, "Kuwa mzalendo, nchi ina shida." Ukiuliza pesa za kujenga zahanati zimekwenda wapi, huambiwa, "Wewe si mzalendo, waichafulia nchi jina." Basi mtu huanza kudhani kuwa uzalendo ni jina jingine la kunyamaza, na akishadhani hivyo hulitupa neno lenyewe kama kiatu kinachombana.

Mimi nasema tusilitupe. Neno hili ni letu. Katiba tuliyoipitisha kwa kura mwaka 2010, katika kifungu cha 10, yataja maadili ya taifa, na uzalendo umetajwa wa kwanza. Halafu kifungu cha 41 kinasema kwamba kila mfanyakazi ana haki ya kupata ujira wa haki, na kufanya kazi katika hali inayofaa, na kuingia katika chama cha wafanyakazi, na kugoma. Ni Katiba moja. Anayewaambia kwamba mgomo ni adui wa uzalendo amesoma ukurasa mmoja akararua mwingine.

Neno lenyewe tulitazame kidogo. Mzalendo kwa asili ni mtu aliyezaliwa mahali, mwenyeji wa nchi. Lakini sote twajua kuwa kuzaliwa peke yake hakutoshi. Hata ng'ombe wamezaliwa hapa. Wako watu ambao vitovu vyao vimezikwa katika ardhi hii, nao wameiuza nchi kipande kwa kipande. Na yuko mmoja aliyezaliwa ng'ambo ya bahari, nitamtaja baadaye, na mimi sioni mzalendo aliyempita.

Kwanza twende Mombasa, mwaka 1947. Vijana wa chama wengi hawaijui habari hii, nayo ni habari ya nyumbani kwetu.

Vita vikuu vilikuwa vimekwisha mwaka 1945. Bei ya chakula na nguo ilikuwa imepanda, na kodi ya nyumba imepanda, lakini mshahara wa Mwafrika ulibaki nyuma. Watu walirundikana katika vyumba. Bandarini wengi walikuwa vibarua wa kutwa: meli ikija una kazi, isipokuja huna, na tumbo halijui habari za meli. Malalamiko yalikuwa ya siku nyingi. Hata mwaka 1939 watu wa Mombasa walikuwa wamegoma kwa sababu ya nyumba na mishahara, serikali ikaweka tume, na tume ikaandika ripoti. Ripoti hailiwi, ndugu zangu.

Tarehe 13 Januari 1947 mji ukasimama. Makuli wa bandari waliacha kazi. Watu wa reli wakaacha. Watu wa mahoteli wakaacha. Na watumishi wa nyumbani, wale walioitwa "boi" hata wakiwa na mvi, wakavua nguo za kazi wakatoka jikoni. Waliogoma walikuwa watu kama 15,000, na mgomo ukachukua siku kumi na mbili. Walikuwa wakikutana mahali palipoitwa Kiwanja cha Maskini, na jina hilo lilikuwa jina la kweli. Chama chao kilizaliwa katika mgomo ule ule, kikaja kujulikana kwa jina la African Workers Federation, na kiongozi wake akawa kijana mmoja, Chege Kibachia.

Sasa tazameni jambo moja hapa. Tajiri wa meli hawezi kukaa sana bila kuli, maana meli iliyofungwa gatini hula pesa kila saa. Kuli basi alikuwa na nguvu. Angeweza kudai lake peke yake, akapata kidogo, akarudi kazini. Mtumishi wa jikoni hana nguvu hiyo. Akigoma peke yake, bibi mkubwa atapika mwenyewe siku mbili, kisha ataandika mwingine. Lakini kuli na mpishi walisimama kiwanja kimoja. Watu wa pwani na watu wa bara, Mwislamu na Mkristo, anayejua kusoma na asiyejua, walisimama pamoja. Wakati ule hapakuwa na bendera ya Kenya, wala wimbo wa taifa, wala Bunge la wananchi. Lakini pale kiwanjani palikuwa na taifa. Mimi huamini kwamba ukitaka kujua Kenya ilionekana lini kwa macho mara ya kwanza, usitazame tarehe 12 Desemba 1963 peke yake. Tazama na Kiwanja cha Maskini, karibu miaka kumi na saba kabla.

Mgomo ulikwisha baada ya Bwana Eliud Mathu, aliyekuwa Mwafrika wa kwanza katika Baraza la Kutunga Sheria, kuja kusema na watu, na baada ya serikali kuahidi kuweka baraza la kuchunguza mishahara. Jaji aliyeliongoza baraza hilo aliitwa Thacker. Wazee mnalikumbuka jina hilo. Ndiye aliyekuja kuwahukumu Mzee Kenyatta na wenzake kule Kapenguria. Mishahara ya wengi ikaongezwa. Lakini mwezi wa Agosti mwaka ule ule Kibachia akakamatwa, akapelekwa Kabarnet, Baringo, mbali na bandari na mbali na watu wake, akawekwa huko miaka kumi. Mwezi uliofuata wafanyakazi wa kiwanda cha nyama ya nguruwe kule Uplands waligoma, polisi wakapiga risasi, watatu wakafa.

Nani alikuwa mzalendo mwaka ule? Serikali ya siku zile ilikuwa na jibu lake. Mzalendo kwake alikuwa mtu anayekwenda kazini kwa wakati, anayepigia saluti bendera ya Mwingereza, na asiyeuliza. Kuli aliyekaa siku kumi na mbili bila posho ili mpishi asiyemjua apate nyongeza, huyo aliitwa mkorofi. Leo twajua jibu gani lilikuwa la kweli, lakini siku ile halikuwa rahisi kujulikana, na hilo tulishike.

Tutoke pwani sasa tupande Nairobi. Tarehe 30 Machi 1950 Nairobi ilipewa heshima ya kuwa jiji. Pakawa na sherehe kubwa. Lakini wafanyakazi walikuwa na shirikisho lao, East African Trade Union Congress, lililoanzishwa mwaka mmoja kabla. Rais wake alikuwa Fred Kubai na katibu mkuu Makhan Singh. Shirikisho hilo likakataa sherehe. Lilisema wanachama wasiende. Nadhani mwaielewa sababu bila mimi kuieleza sana. Mtu aliyeyachimba mashimo ya mji, akabeba mawe yake, akafagia barabara zake, naye jioni hana mahali pa kulala ila kitanda cha kupokezana na mwenzake, ashangilie nini? Kutokwenda kwenye sherehe kulikuwa ni kuupenda mji kuliko wale waliokwenda, kwa maana wao waliutaka mji wenye nyumba za watu wote.

Huyo Makhan Singh ndiye niliyesema alizaliwa ng'ambo. Alizaliwa Punjab mwaka 1913, akaja Kenya kijana mdogo mwaka 1927, akafanya kazi katika kiwanda cha chapa cha baba yake. Mwaka 1935 alichaguliwa kuwa katibu wa chama cha wafanyakazi wa Kihindi, na hakikupita kitambo kikageuzwa kuwa chama cha watu wa rangi zote. Kumbukeni nchi ilivyokuwa. Hata vyoo viligawanywa kwa rangi. Na katika nchi hiyo akatokea mtu wa kusema kwamba fundi Mhindi na kibarua Mwafrika wana tajiri mmoja, na kwa hiyo wawe na chama kimoja.

Tarehe 23 Aprili 1950, katika mkutano wa hadhara uliofanywa Kaloleni, Nairobi, alisimama akataka mkutano udai uhuru kamili wa nchi za Afrika Mashariki. Si viti viwili zaidi barazani, bali uhuru kamili. Tarehe 15 Mei wakakamatwa yeye na Kubai. Kesho yake wafanyakazi wa Nairobi wakaweka vyombo chini, na mgomo ukaendelea zaidi ya wiki moja. Makhan Singh akapelekwa kaskazini, Lokitaung, Maralal na kwingineko, na hakufunguliwa mpaka Oktoba 1961. Hesabuni wenyewe: miaka kumi na moja na nusu. Mke na watoto walimngoja. Uhuru ulipokuja hakupewa wizara. Alikaa akaandika historia ya vyama vyetu, kitabu kikatoka mwaka 1969, naye akafa mwaka 1973. Wazee walisema, mgeni njoo mwenyeji apone.

Haya ni ya waliotangulia. Kuwasifu waliokufa ni rahisi, maana hawatudai kitu. Sasa niingie katika mambo yetu sisi tulio hai, na hapa huenda baadhi yenu hamtanipigia makofi.

Dada mmoja wa hospitali aliniuliza hapo mlangoni kabla sijaanza: "Bwana katibu, kuli akigoma mzigo unangoja. Mimi nikigoma, mgonjwa hangoji. Nitakuwaje mzalendo na mgomaji?" Ni swali zito kuliko hotuba yangu. Sote twakumbuka mgomo wa madaktari wa hospitali za serikali, ulioanza tarehe 5 Desemba 2016 ukaisha Machi 2017, siku mia moja. Walioumia ni maskini. Mwenye pesa alikwenda hospitali ya kulipia. Viongozi wa chama cha madaktari wakatiwa jela mwezi wa Februari kwa sababu mgomo haukusimamishwa. Na walikuwa wakidai nini? Mapatano yaliyotiwa sahihi mwaka 2013, yakawekwa kabatini miaka mitatu na zaidi.

Mimi nasema hivi. Aliyetia sahihi mapatano akayalaza kabatini ndiye aliyegoma kwanza. Yeye aligoma miaka mitatu, tena kwa mshahara kamili, na hakuna aliyemwita adui wa nchi. Daktari aligoma siku mia akaitwa muuaji. Hilo halikuwa haki. Lakini sitamwambia dada yangu kwamba swali lake limekwisha, kwa maana halijaisha. Mfanyakazi wa hospitali akigoma, aache mikono ya kutosha kwa mama anayejifungua na kwa aliyegongwa na gari; na chama ndicho kinachopaswa kuipanga zamu hiyo, kwa majina na kwa saa, kabla ya siku ya kwanza ya mgomo. Mgomo usiopangwa hivyo una kasoro, hata kama madai yake ni ya kweli. Ndivyo nionavyo mimi, na asiyekubali na asimame wakati wa maswali.

Na hapo hapo niseme neno dogo juu ya vijana wa Juni 2024, waliotoka barabarani kupinga mswada wa fedha, bendera zimefungwa mabegani. Waliitwa majina yote. Baadhi yao walipigwa risasi wakafa, na mswada ukaachwa. Waliokuja nyuma yao kuvunja maduka walikuwa wezi tu, hawakuwa na habari ya mswada. Tusiwachanganye, na tusikubali kuchanganyiwa.

Sasa kabila. Nitasema waziwazi kwa sababu uchaguzi wa matawi hauko mbali. Kuna wanachama ambao huchagua mwakilishi wao kazini kwa kusikiliza jina la baba yake. Hawaulizi kama amewahi kusoma mapatano ya kazi, wala kama anaweza kukaa mbele ya meneja bila kutetemeka, huuliza tu, "Ni wa kwetu?" Kisha akishindwa kuwatetea hunong'ona pembeni, na wakati wa kura humrudisha. Tajiri hulijua jambo hili vizuri sana. Wafanyakazi waliogawanyika kwa kabila hawahitaji kuvunjiwa mgomo. Wamekwisha kuuvunja wenyewe.

Hili si jambo la mzaha. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 watu zaidi ya elfu moja na mia moja waliuawa katika nchi hii, na laki kadhaa wakatoka makwao. Waliofukuzana hawakuwa mawaziri. Walikuwa wapangaji wa ploti moja, watu wa zamu moja, waliokuwa wakikopeshana sukari na paraffini. Wakubwa waliogombania kiti walikuja kukaa meza moja wakagawana wizara, na kibarua aliyechomewa nyumba akabaki na bati lililokunjika. Lakini walikuwako pia watu waliomfungia mwenzao ndani, wakasimama mlangoni, wakaapa kwamba hayumo. Hawakuimba wimbo wala kupandisha bendera. Ukiniuliza uzalendo wa mwaka ule ulikuwa wapi, nitakuonyesha mlango huo.

Tena yuko kibarua. Nasema yule aliye karibu nawe kiwandani, anayevaa viatu vyake mwenyewe vilivyotoboka kwa sababu viatu vya kazi ni vya walioandikwa. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 37, yasema kwamba kibarua akifanya kazi mfululizo siku ambazo jumla yake haipungui mwezi mmoja, au akipewa kazi ambayo haiwezi kumalizika chini ya miezi mitatu, basi ahesabiwe kama mfanyakazi wa mwezi. Tajiri mjanja humwachisha kabla siku hazijatimia, akamwita tena baada ya siku mbili. Sisi tulioandikwa twaona. Twapita. Wengine husema afadhali iwe hivyo, maana kibarua akiandikwa nyongeza yetu itapungua. Wazee wa Kiwanja cha Maskini wangetushangaa. Kila mwakilishi wa chama ana daftari; siku za kibarua ziandikwe humo, jina na tarehe, kwa sababu bila maandishi hakimu hawezi kumsaidia.

Nimefika kwenye jambo lililonileta.

Zamani za ukoloni, mtu aliyetoka na misumari ya serikali mfukoni alijiambia kwamba amerudisha kidogo kutoka kwa mwizi mkubwa. Sitamhukumu. Lakini mwenye mali amebadilika na ile tabia haikubadilika. Tungali twasema "mali ya serikali" kama kwamba serikali ni mjomba tajiri asiyehesabu. Kodi yetu sisi wa mshahara hukatwa kabla hatujaiona. Mwenye biashara aweza kuficha, mwenye shamba kubwa aweza kuficha. Mtu wa mshahara hawezi hata akitaka. Basi dawa iliyotoka kwa mlango wa nyuma wa hospitali umeinunua wewe, na kesho mamako akiambiwa akainunue dukani, ataambiwa ainunue mara ya pili.

Na fikirini jambo hili kwa makini. Mkubwa haibi kwa mkono wake. Hana hata ufunguo wa stoo. Ili mifuko mia iandikwe na sitini tu iingie, hapana budi karani wa stoo atie sahihi kwamba amepokea mia. Hapana budi dereva akubali kupitia njia nyingine. Askari wa lango ageuze uso. Karani wa hesabu apitishe hati. Watu wanne, na wote wanne ni wafanyakazi, na pengine wote wanne wamelipa ada ya chama mwezi huu. Mwizi ni mmoja, lakini mikono anayoitumia ni yetu. Kuli wa 1947 alijua kwamba mkono wake ukikataa, meli haishushwi. Nguvu ile ile tunayo leo afisini na stooni. Sahihi yetu ikikataa, wizi haupiti.

Najua mtanijibu nini. "Mimi nina watoto." Ni kweli, nami nina wangu. Namjua karani mmoja wa stoo. Sitamtaja jina wala mahali pake pa kazi. Aliletewa hati ya vitu ambavyo havikufika vyote. Hakupiga kelele. Hakwenda kwa watu wa magazeti. Alihesabu, akaandika idadi aliyoiona kwa macho yake, akatia sahihi kwa idadi hiyo. Baada ya wiki tatu alipata barua ya uhamisho kwenda mahali ambapo hata shule ya watoto wake ingekuwa safari ya siku nzima. Wenzake walisemaje? Walisema amejitakia. Mmoja alisema anajifanya malaika. Hakuna aliyesimama pamoja naye, na wote walikuwa na kadi za chama mfukoni. Yule mkubwa hakuhitaji kumfukuza mtu mwingine yeyote. Wote walikwisha kujifunza.

Sheria ya kupambana na ufisadi ya mwaka 2003 ina kifungu cha kumlinda anayetoa habari. Ni vizuri kijulikane. Lakini sheria iko Nairobi ndani ya kitabu, na barua ya uhamisho iko mezani pako leo. Katikati ya hivyo viwili lazima kuwe na kitu, na kitu hicho ni chama. Hatuwezi kumwambia kila karani awe Makhan Singh. Watu wa namna hiyo ni wachache, na hata yeye siku alipokamatwa alikuwa na maelfu waliolala njaa kwa ajili yake. Kumwacha mtu akatae peke yake, kisha tukampa sifa kwenye mazishi, huo ni uzembe wetu.

Kwa hiyo, ndugu mwenyekiti, naomba tawi hili lipitishe mambo haya.

Mwanachama yeyote akiamrishwa kutia sahihi kwa kitu kisichokuwako, au kubeba mzigo usio na hati, akatae kwa adabu, na siku hiyo hiyo amwandikie mwakilishi wake wa chama barua fupi, yenye tarehe na saa, naye abaki na nakala. Barua hiyo ikaguliwe na kamati ya tawi kwa siri. Ikiwa ndani ya miezi sita atahamishwa, au atashushwa cheo, au ataachishwa kazi bila sababu inayoeleweka, tawi lihesabu kuwa ni ugomvi wa kikazi wa wanachama wote, si wake peke yake, na liupeleke mbele kwa njia ya sheria kama tunavyopeleka ugomvi wa mishahara. Gharama zitoke katika hazina ya tawi. Mweka hazina amenitazama kwa jicho kali, nimemwona. Hesabu tutaifanya pamoja.

Tena upande wa pili, maana kisu kikate kuwili. Mwanachama akishikwa ametia sahihi ya uongo kwa kupewa chochote, chama kihakikishe anasikizwa kwa haki mbele ya tajiri, kama sheria inavyotaka, lakini kisimtetee kwa kosa lenyewe. Na akiwa ni kiongozi wa chama, aondoke kwenye kiti kwanza. Tusiwe watu wa kuwaambia mawaziri wajiuzulu huku mwakilishi wetu anauza mafuta ya lori.

Wengine watasema mambo haya si kazi ya chama cha wafanyakazi, kazi yetu ni mishahara. Hao wanaotoa mishahara husema kila mwaka kwamba hazina ni tupu. Nawaomba tuwe na haki ya kuwauliza nani aliifungua, na kuuliza hivyo tukiwa na mikono mitupu isiyo na wino wa hati za uongo.

Karatasi za ombi hili ziko kwa katibu wa tawi, zimeandikwa kwa mkono na nyingine kwa mashine. Walio hapa watapiga kura leo kwa kuinua mikono. Wa zamu ya usiku wapelekewe karatasi langoni, na majibu yao yapokewe mpaka Ijumaa saa kumi za jioni.